Nyota wa Sinema Walipohamia Televisheni



Mtu akisimama ufukoni Kagunga usiku wa giza, huziona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kana kwamba kuna mji juu ya maji. Dagaa hawaulizi taa ni ya nani. Huufuata mwanga tu. Kwa miaka mingi watu nao waliufuata mwanga wa sinema namna hiyo hiyo, na wale walioonekana ndani ya mwanga huo wakaitwa nyota. Jioni hii nataka kueleza jinsi nyota hao walivyohama kutoka sinema wakaingia televisheni, kwa nini baadhi yao waliogopa, na ni nani waliofaidika. Nitaanza na ziwa letu la Tanganyika, maana nyota wawili wakubwa walipata sifa kwa hadithi yenye asili yake katika maji haya.

Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hata Dar es Salaam, kisha kwa reli hata Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, wakazivuta kwa nchi kavu kupitia Kongo mpaka ziwani, na kwa mashua hizo wakazishinda meli ndogo za adui zao. Walakini ile kubwa hawakuizamisha wao. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, isije ikatekwa. Mwaka 1924 iliopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Watu wa Kagunga walijua sana jina hilo. Hapakuwa na gati, kwa hiyo abiria waliifuata kwa mitumbwi pale iliposimama. Na mwaka 1915 ulipotimiza miaka mia, yaani 2015, meli hiyo hiyo iliwachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka ufuko huo kwenda Kigoma.

Sasa tuingie katika sinema. Mwaka 1935 mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, alitoa riwaya iitwayo The African Queen, na wengi huona kwamba vita vile vya ziwani ndivyo vilivyompa wazo. Mwaka 1951 John Huston aliifanya sinema, wachezaji wakuu wakiwa Bwana Humphrey Bogart na Bibi Katharine Hepburn. Picha zilipigwa Kongo, Uganda na Uingereza, wala si katika ziwa letu. Tena katika sinema hiyo meli ya Wajerumani inalipuliwa na mashua mbovu ya mtu na mwenziwe. Kumbe sisi tunajua kwamba meli yenyewe iliendelea kubeba watu, magunia na dagaa kwa miaka mingi. Bwana Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Wachezaji wa namna hii waliishi chini ya utaratibu maalumu. Kampuni kubwa za Hollywood zilimfunga mchezaji kwa mkataba, mara nyingi wa miaka saba. Kampuni ndiyo iliyomchagulia mchezo, nguo, na pengine hata jina. Sura ilikuwa yake, lakini picha ya sura hiyo ilikuwa mali ya kampuni. Kampuni hizo zilimiliki pia majumba mengi ya kuonyeshea sinema, hata mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu iliyovunja mpango huo. Wakati huo huo televisheni ilikuwa inabisha hodi. Mwaka 1950, katika kila nyumba 100 za Marekani, nyumba 9 hivi zilikuwa na chombo hicho. Ilipofika 1960 zilikuwa karibu 90. Mtu anayeweza kuona mchezo akiwa sebuleni pake, bila kulipa kiingilio, ana haja gani ya kutoka usiku?

Basi kampuni zikakichukia chombo kipya, na nyota wengi wakakiogopa. Hofu yao ilikuwa na sababu tatu. Kwanza, ukubwa: katika jumba la sinema uso wa mchezaji huwa mkubwa kama ukuta wa nyumba, na katika televisheni ya siku zile uliweza kufunikwa kwa sinia. Pili, umbali: nyota hutazamwa kwa kuwa yu mbali, akiingia sebuleni kila juma, huwa jirani. Tatu, haraka: sinema moja ilichukua miezi, bali michezo mingi ya kwanza ya televisheni ilirushwa papo hapo ikichezwa, na kosa likishatoka halirudi.

Bwana Bogart aliingia mara moja tu katika mchezo wa televisheni. Ilikuwa mwaka 1955, katika The Petrified Forest, akarudia jambazi yule yule aliyemwigiza katika sinema mwaka 1936. Alifariki Januari 1957. Bibi Hepburn alikawia zaidi. Mchezo wake wa kwanza wa televisheni, The Glass Menagerie, ulionyeshwa mwaka 1973. Na kwa Love Among the Ruins wa mwaka 1975 akapewa tuzo ya Emmy. Hivyo chombo alichokikwepa kwa zaidi ya miaka ishirini hakikumpunguzia heshima.

Lakini aliyeelewa mambo mapema kuliko wote alikuwa Bibi Lucille Ball. Katika sinema alifanya kazi karibu miaka ishirini pasipo kufika daraja la juu kabisa. Mwaka 1951, mwaka ule ule wa The African Queen, yeye na mumewe, Desi Arnaz, walianza mchezo wa kuchekesha wa televisheni uitwao I Love Lucy. Walikubali kupunguziwa malipo ili wapate kuupiga katika filamu za sinema, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji, na filamu hizo ziwe mali yao. Watu wengine waliona ni hasara. Kumbe filamu hudumu, na mchezo uliohifadhiwa huweza kuonyeshwa tena na tena, kila mara ukileta fedha. Mwaka 1957 kampuni yao, Desilu, ilinunua majengo ya kampuni ya RKO, mahali ambapo Bibi huyo alikuwa mchezaji wa mshahara miaka ya 1930.

Je, kwetu mambo yalikwendaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bwana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alicheza katika sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Kwa kuwa kazi ya sinema haikuwa imeota mizizi, wachezaji wetu wengi walikwenda njia ya kinyume: walijulikana kwanza katika televisheni, ndipo wakaingia filamu. Marehemu Steven Kanumba alijulikana katika kundi la Kaole, lililoonyesha michezo yake ITV. Kisha akawa nyota wa filamu zilizouzwa kwa kanda na santuri za video. Watu walizitazama majumbani na katika vibanda vya video, na alipofariki Aprili 2012 umati mkubwa ulijaa Dar es Salaam kumzika.

Hata hivyo wachezaji wengi wa enzi ile waliuza haki zote za filamu zao kwa malipo ya mara moja. Filamu ikionyeshwa tena miaka kumi baadaye, mchezaji hujiona kiooni na mfukoni hamna kitu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, wasikilizaji, chombo kitabadilika siku zote. Jana kilikuwa jumba la sinema, kisha televisheni, na leo kijana wa Kagunga hupiga picha ya mawimbi kwa simu yake. Labda mmoja wao ataisimulia habari ya Liemba kama ilivyokuwa kweli. Akifanya hivyo, na mtu akamletea karatasi ya kutia sahihi, asome kwanza mpaka mwisho, aulize: filamu yenyewe itakuwa mali ya nani, na ikionyeshwa mara ya pili nitalipwa nini? Asipopata jibu, asitie sahihi siku hiyo.