Ukigongwa na Motokaa ya Mwingine
Nchini Kenya sheria yamlazimu mwenye motokaa kukata bima ya kuwalipa watu atakaowaumiza njiani. Basi tukigongwa kwa kosa la mwingine, yatupasa kuandika namba ya gari lake, jina la kampuni yake ya bima, na majina ya mashahidi. Kisha tupeleke habari kituo cha polisi, tupewe hati ya ajali; naye aliyeumia atazamwe na daktari. Tusipokee fedha kando ya njia na kutia sahihi kwamba madai yamekwisha. Maana pengine jeraha la ndani hujulikana baadaye, na sahihi haifutiki kwa urahisi. Wala tusikawie: kesi ya majeraha shurti ifunguliwe kabla miaka 3 haijapita tangu ajali.