BIASHARA YA MBAO KUTOKA KARAGWE HADI VISIWANI

Mwananchi anayekusudia kununua mbao ngumu Igurwa, wilayani Karagwe, ili aziuze Unguja au Pemba, hana budi kujua kwamba fedha pekee hazitoshi. Huko Bara mazao ya misitu husimamiwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.

Kwanza, ajisajili kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kuwa mfanyabiashara wa mazao hayo. Pili, ahakikishe kuwa muuzaji anayo leseni ya uvunaji, na kwamba mbao zimegongwa nyundo ya Serikali. Tatu, achukue hati ya kusafirishia, ambayo aina na ujazo ulioandikwa humo ulingane na shehena. Vikihitilafiana, mbao huweza kuzuiliwa njiani.

Miti ya Rumanyika isinunuliwe kabisa: eneo hilo lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, na ukataji humo ni marufuku.

Kabla ya kupakia chomboni, taratibu za idara ya misitu ya Zanzibar nazo ziulizwe. Mtaji uliodunduizwa kwa miaka huweza kupotea katika kizuizi kimoja. Kwa hiyo hati zitangulie, malipo yafuate.