Hesabu Ndani ya Kikapu: Utangulizi wa Elimu Unganishi

Mwalimu, pengine umefika hapa ukiwa na wasiwasi: ratiba imejaa, maabara haina vifaa, na sasa unaambiwa sayansi, teknolojia na sanaa zifundishwe pamoja. Ni wasiwasi wa haki. Tutaufikia, ila kwanza tutazame kikapu.

Huko Inhambane, Msumbiji, husukwa vikapu viitwavyo sipatsi, vilivyozungushiwa mapambo. Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefundisha nchini humo miaka mingi, alivichunguza, na mwaka 1994 yeye na Gildo Bulafo wakachapisha kitabu kuvihusu. Chukua pambo linalojirudia kila baada ya miyaa 4, yaani vipande vyembamba vya majani ya kusukia. Idadi ya miyaa isipogawika kwa 4, pambo halitaungana likimaliza kuzunguka. Msusi akiongeza pambo jingine la kila miyaa 6, itambidi awe na 12, 24, 36, na kuendelea. Hiyo 12 ndiyo kigawe kidogo cha shirika: namba ndogo kabisa inayogawika kwa zote mbili. Na kwa nini rangi moja hushika kwenye miyaa, nyingine ikachuja? Hapo umeshaingia kwenye kemia.

Elimu unganishi, basi, ni kufundisha kwa kuanzia swali ambalo somo moja peke yake haliwezi kulijibu. Wengi hupotea hapa. Kuchora moyo katika kipindi cha biolojia na kuupaka rangi si kuunganisha. Ondoa rangi, na somo litabaki lilivyokuwa. Ondoa pambo kwenye kikapu, uone kama hesabu itabaki.

Tazama mfano wa Kenya: ilianza kutekeleza Mtaala wa Umilisi kote nchini mwaka 2019. Umilisi ni uwezo wa kukitumia ulichojifunza. Katika sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9, fizikia, kemia na biolojia hufundishwa kama somo moja. Kisha, kabla ya kuingia Gredi ya 10, mwanafunzi huchagua mkondo mmojawapo kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mgawanyo huo, kwa maoni yangu, unakuja mapema mno. Msusi wetu angepelekwa mkondo upi?

Sasa ule wasiwasi wako. Naona kinachokosekana zaidi shuleni si vifaa, ni saa ya walimu wawili kuketi pamoja. Mtafute mwenzako wa sanaa kabla muhula haujaanza, mkubaliane juu ya swali moja tu, na kila mmoja atenge vipindi viwili vya kulishughulikia. Mtihani wa swali hilo utungeni pamoja pia.