Mzigo wa joto wa nyumba

Mzigo wa joto wa nyumba ni kiasi cha joto kinachopaswa kuondolewa au kuongezwa ndani ya nyumba kila sekunde ili halijoto ibaki ile inayotakiwa. Hupimwa kwa wati na hutumika kuchagua kiyoyozi au hita yenye nguvu ya kufaa.

Katika maeneo ya baridi kama Makete, mkoani Njombe, joto hutoka ndani kwenda nje, hivyo nyumba huhitaji kuongezewa joto. Huko Vingunguti, kata ya Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, mchana joto huingia kutoka nje, na kazi ni kulitoa. Kanuni ya hesabu ni ileile.

Kanuni

Joto linalopita kwenye ukuta au paa hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: eneo kwa mita za mraba, tofauti ya halijoto kati ya pande mbili, na kipimo cha upitishaji joto. Kipimo hicho ni idadi ya wati zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kisha huongezwa joto la watu, la vyombo vya umeme na la hewa inayoingia.

Mfano

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za matofali ya saruji na paa la bati bila dari. Nje kuna nyuzi 32 za sentigredi, ndani zinatakiwa 26, na bati lililopigwa na jua limefikia 56. Dirisha liko kivulini.

* Paa: 12 × 30 × 6 = wati 2,160
* Kuta za nje: 16 × 6 × 3 = wati 288
* Watu wawili waliotulia: takriban wati 200
* Televisheni na taa: takriban wati 100

Jumla ni wati 2,748, sawa na BTU 9,400 hivi kwa saa, kwani wati 1 ni BTU 3.41 kwa saa. Zaidi ya robo tatu yake hutoka kwenye bati.

Athari ya dari

Dari ya jipsamu hushusha kipimo cha paa hadi karibu 2.5. Paa sasa hupitisha wati 900, na jumla hushuka hadi 1,488. Kiyoyozi kinachotoa wati 3 za joto kwa kila wati 1 ya umeme huokoa takriban uniti 0.4 za LUKU kila saa ya jua kali.

Hewa ya pwani ina unyevu, na kuutoa huongeza mzigo. Ikihesabiwa, chumba kisicho na dari huweza kuhitaji kiyoyozi cha BTU 12,000, na chenye dari kile cha 9,000. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi nacho si kizuri: hupoza haraka, hujizima, na kuacha unyevu chumbani.