Je, Wajua? Kiti cha Enzi Hukaguliwa Chini
Fanicha kwa kawaida huitwa ya kale ikitimiza miaka 100. Wauza viti vya enzi, vile vya Lamu vyenye mgongo mrefu na miraba ya kamba zilizosukwa, wanalijua hilo fika, na rangi ya kuzeesha mbao si ghali. Basi kigeuze kiti juu chini: ukiona mikwaruzo ya msumeno wa mashine, huenda ni kazi ya juzijuzi hiyo. Kagua pia nakshi nyeupe. Ikiwa ni pembe ya ndovu, biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1990. Kukivusha mpakani ni kujitafutia balaa. Kama wataka cha kukalia tu, mwagize fundi akuchongee kipya, kwa kipimo cha sebule yako.