Kompyuta ya gemu inajizima? Cheki wati za pawa saplai

Wengi hununua kompyuta ya ofisini iliyotumika, wanaongeza kadi ya grafiki, kisha mashine inajizima gemu ikinoga. Mara nyingi shida ni pawa saplai: nyingi za kompyuta hizo hazizidi wati 300.

Hesabu yake ni rahisi. GeForce RTX 3060 hula wati 170. Prosesa ya Ryzen 5 5600 hufika 76. Mazabodi, memori, diski na feni zitengewe 75. Jumla: 321.

Ya wati 350 inatosha? Hapana. Kuna muda kadi huvuta umeme mwingi ghafla, kufumba na kufumbua, na pawa saplai iliyobanwa hujizima. Nvidia wenyewe hupendekeza wati 550 kwa kadi hiyo.

Kabla ya kulipa, soma lebo ya pembeni. Laini ya volti 12 ndiyo inayolisha kadi na prosesa. Boksi likisema 550 lakini laini hiyo inatoa 350 tu, achana nayo. Nembo ya 80 Plus haihusu ukubwa; inaonyesha umeme kiasi gani haupotei.

Ikizidi je? Haiunguzi kitu, kompyuta huchukua inachohitaji tu. Kitakachoumia ni mfuko.