Swichi, Una Nini Tumboni?

Sogeeni, wapwa zangu. Leo tunamsikiliza swichi.

"Swichi ni nani, mjomba?"

Ni lile boksi bapa lenye matundu mengi ya nyaya. Linaunganisha kompyuta za ofisi moja ziweze kuzungumza. Taa zake ndogo hucheza mchana na usiku.

Sasa, mkoa wetu wa Simiyu una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Tuseme afisa TEHAMA amekaa Bariadi mjini. Anaambiwa aandike orodha ya swichi zote za mkoa. Ni za aina gani? Zina feni ngapi? Namba zake za kiwandani ni zipi? Je, apande gari hadi Mwanhuzi kule Meatu, arudi, aende Nyashimo kule Busega, afungue kabati moja moja?

"Aiulize swichi!"

Wabeja, asante! Umefikiri vizuri. Swichi inajijua, ila husubiri iulizwe. Lugha ya kuiuliza inaitwa SNMP, nayo ipo tangu 1988. Swali hupita kwenye mtandao huohuo, likabisha hodi mlango namba 161.

"Inaulizwaje?"

Kwa namba. Ni kama unavyoelekezwa njia ya kwenda kwa bibi: njia panda hii kata huku, inayofuata kata kule. Njia ya kufikia vifaa vya swichi ni 1.3.6.1.2.1.47. Kila namba ni njia panda. Ukikosea moja, umeingia kwa jirani.

Haya, sikilizeni afisa akiiuliza swichi.

"Wewe nani?" "Mimi ni boksi lenyewe." "Uko ndani ya nani?" "Sifuri." Anayejibu sifuri hayumo ndani ya mwingine.

"Anayefuata?" "Mimi ni feni. Nimo ndani ya boksi."

"Anayefuata?" "Mimi ni pawa saplai. Nami nimo ndani ya boksi, na namba yangu ya kiwandani ni hii hapa."

Anayefuata? Anayefuata? Afisa huuliza hivyohivyo, mpaka apate jibu linalotoka njia nyingine kabisa. Hapo anajua vifaa vimekwisha.

"Swichi haidanganyi?"

Haidanganyi, ila nyingine hazikufundishwa kiwandani kujibu yote. Zitakujibu patupu. Kwa hizo, gari litawashwa tu.

"Je, na mwizi akiuliza?"

Swali la kikubwa hilo, mpwa wangu! Matoleo ya zamani ya SNMP hupitisha neno la siri waziwazi, na swichi nyingi zilitoka kiwandani na neno lilelile ambalo mafundi dunia nzima wanalijua. Mwizi akilitaja, naye anajibiwa. Toleo la tatu linaweza kumtambua anayeuliza, na kulifunika swali pamoja na jibu lake.

Basi mkija kuwa mafundi, anzeni hapo. Futeni neno la kiwandani, washeni toleo la tatu, ndipo mwiulize swichi ina nini.